Mvua ya Visiwani Huanzia Baharini

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huu ni wa kweli, wala sisi hatutaki kuupinga. Lakini mtu angojaye mpaka ayaone mawingu ndipo aanze kuzibua mtaro wake, au kuwahamisha watoto wake kutoka bondeni, huyo amechelewa. Mawingu humpa mtu saa chache tu. Maarifa yaliyokusanywa katika muda wa miaka mia iliyopita yatuonyesha kwamba iko dalili nyingine iyatanguliayo mawingu kwa majuma mengi, na pengine kwa miezi mitatu au minne. Dalili hiyo ni joto la bahari.

Leo twapenda kulieleza jambo hili kwa wasomaji wetu wote, na hasa kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, maana mtu wa kisiwani hana pa kuikimbia bahari, iwe imekuja na neema au imekuja na msiba. Twalieleza kwa sababu mbili. Kwanza, jina la El Niño limekuwa kama wimbo midomoni mwa watu: wako wanaolitumia kueleza kila tone linyeshalo, na wako wanaolicheka kila linapotajwa. Makundi yote mawili yamepotea njia. Pili, katika mambo haya ujinga hugharimu nyumba, mazao na roho za watu. Na ujuzi ulio nao mtu asiutumie humgharimu vivyo hivyo.

MVUKE NA JOTO

Mvua karibu yote inyeshayo visiwani ilikuwa kwanza maji ya bahari. Jua hulipasha joto tabaka la juu la maji, mvuke ukapanda, na upepo ukauchukua. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwa kila digrii 1 ya Sentigredi inayozidi, uwezo huo huongezeka kwa kadiri ya asilimia 7. Maji ya bahari yafikapo digrii 27 au 28, hewa iliyo juu yake huwa nyepesi na yenye unyevu mwingi, nayo hupanda kwa nguvu. Ikifika juu hupoa, mvuke hugeuka kuwa matone, na katika kugeuka huko hutoa joto liliyokuwa limefichika ndani yake, joto ambalo huisukuma hewa kupanda zaidi. Ndivyo yajengekavyo mawingu makubwa ya radi. Na pale hewa inapopanda, hewa nyingine hukimbilia kuijaza nafasi yake, ikija na mvuke wake pia.

Mahali penye maji ya baridi mambo huwa kinyume. Hewa huteremka, mawingu hufa, na jua huwaka. Kwa hiyo jambo kubwa la kuuliza si kwamba bahari ina joto kiasi gani tu, bali ni upande gani wa bahari ulio na joto kuliko mwenzake. Upande wenye joto zaidi ndio uivutao mvua.

Wazee wetu wa pwani walizijua pepo vizuri sana. Walijua kaskazi yaja lini na kusi yaanza lini, na kwa pepo hizo walisafiri mpaka Arabuni na Bara Hindi na kurudi. Walikuwa na hesabu ya mwaka wa jua ianzayo siku ya Nairuzi, wakihesabu miongo kumi kumi, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua siku za kupanda, na nahodha alijua siku za kutweka tanga. Hesabu ile ilikuwa nzuri na ingali na faida. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja: ilimwambia mtu mvua itakuja lini, haikuweza kumwambia itakuwa kubwa kiasi gani. Nairuzi huja kila mwaka kwa siku yake, lakini vuli ya mwaka huu si vuli ya mwaka jana. Tofauti hiyo imeandikwa baharini.

MIZANI YA BAHARI YA HINDI

Msomaji na aifikirie Bahari ya Hindi kuwa ni mizani yenye vitanga viwili. Kitanga kimoja kiko mashariki, karibu na Sumatra na Java. Kitanga cha pili kiko magharibi, upande wetu wa Afrika. Katika miaka ya kawaida kitanga cha mashariki ndicho chenye joto zaidi. Wakati wa vuli pepo za Ikweta huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, zikiuchukua mvuke kuupeleka Indonesia. Hii ni sababu moja kubwa kwa nini nchi zetu, ingawa ziko katika Ikweta, hupata mvua chache kuliko visiwa vya Indonesia au misitu ya Congo.

Lakini iko miaka ambayo mizani hii hugeuka. Kuanzia Juni au Julai pepo za kusini-mashariki katika pwani ya Sumatra huzidi nguvu. Maji ya juu husukumwa mbali na pwani ile, na maji ya baridi hupanda kutoka vilindini kuchukua nafasi yake. Mashariki hupoa. Pepo za Ikweta hulegea, kisha hugeuka na kuvuma kuelekea kwetu, nazo hulisukuma tabaka la maji ya joto mpaka pwani ya Afrika. Kupoa kwa mashariki huzidisha upepo, na upepo huzidisha kupoa. Kila kimoja chamsaidia mwenziwe. Hali hii hufikia kilele chake kati ya Septemba na Novemba, yaani wakati ule ule wa vuli yetu. Kisha, pepo za kaskazi ziingiapo, huvunjika Desemba au Januari.

Mwaka 1999 mabingwa wanne wa Kihindi na Kijapani, N. H. Saji, B. N. Goswami, P. N. Vinayachandran na Toshio Yamagata, waliitangaza hali hii na kuipa jina la Dipoli ya Bahari ya Hindi. Mizani ikielemea magharibi, husema Dipoli ni chanya. Ikielemea mashariki kupita kawaida, husema ni hasi. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe ni la zamani sana, nalo limetupiga mara nyingi kabla halijapata jina.

Tutazame mwaka 1961. Vuli ya mwaka huo, ile iliyoukuta uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba, ilikuwa miongoni mwa mvua kubwa kabisa zilizopata kuandikwa katika Afrika Mashariki. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na kufikia mwaka 1964 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Siku zile hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza sababu. Leo, kwa kuzipitia tena hesabu za joto zilizoandikwa na mabaharia wa meli, twajua kwamba Bahari ya Hindi ilikuwa imeelemea magharibi kwa nguvu. Na jambo la kuangaliwa sana ni hili: mwaka ule hapakuwa na El Niño.

Mizani ilielemea upande wetu tena kwa nguvu mwaka 1997, mwaka 2019 na mwaka 2023, na kila mara vuli ilifurika. Ilielemea upande wa pili mwaka 2010, mwaka 2016 na mwaka 2022, na kila mara vuli ilikauka katika sehemu kubwa za Afrika Mashariki. Katika vuli ya 2019, wakati sisi tulipokuwa tukipiga kelele za mafuriko, Indonesia na Australia zilikuwa zikiungua kwa moto wa misitu iliyokauka. Bahari ni moja. Ilichotupa sisi kupita kiasi, wenzetu wa ng'ambo walikikosa.

PASIFIKI NAYO INA NENO

Sasa yatupasa kumweka El Niño mahali pake. Jina hili la Kihispania, maana yake Mtoto, lilitolewa na wavuvi wa Peru kwa ajili ya maji ya joto yaliyowatembelea karibu na sikukuu ya Noeli, wakimkumbuka Mtoto Yesu. Mwingereza mmoja, Gilbert Walker, aliyekuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Bara Hindi tangu 1904 mpaka 1924, alitafuta sababu ya kukosekana kwa mvua za huko. Aligundua kwamba uzito wa hewa juu ya Pasifiki na juu ya Bahari ya Hindi hupanda na kushuka kwa kupokezana. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes aliunganisha mambo yote mawili, akaonyesha kwamba kupokezana kwa hewa na kugeuka kwa joto la bahari ni kitu kimoja.

Athari yake katika visiwa huonekana wazi huko Galápagos, mbali na pwani ya Ecuador. Visiwa hivyo viko katika Ikweta kabisa, lakini sehemu zake za chini ni kavu kama nyika, kwa sababu maji yaliyovizunguka ni ya baridi. El Niño ya 1982 na 1983 iliyapasha maji hayo. Katika kisiwa cha Santa Cruz, ambacho pwani yake katika mwaka wa kawaida hupata milimita mia chache tu, mwaka 1983 zilipimwa zaidi ya milimita 2,500. Nyika iligeuka kuwa pori la majani, na baharini mwani uliolishwa na maji baridi ukafa, wale kenge wa baharini wautegemeao wakafa kwa njaa. Kisiwa hakikusogea hata hatua moja, wala milima yake haikuongezeka. Kilichobadilika ni joto la maji tu.

Je, Pasifiki yatuhusuje sisi tulio mbali? Joto la Pasifiki lihamiapo mashariki, kule kupanda kwa hewa juu ya Indonesia hulegea, na kulegea huko huzisaidia pepo za Bahari ya Hindi kugeuka kuja kwetu. Kwa hiyo El Niño mara nyingi huisukuma mizani yetu ielemee magharibi. Tumesema mara nyingi, hatukusema kila mara.

Mwaka 1997 yote mawili yalikuja pamoja, El Niño kubwa na Dipoli kubwa, na maafa yake wengi wangali wakiyakumbuka. Mwaka 2015 El Niño ya Pasifiki ililingana kwa nguvu na ile ya 1997. Watu walionywa, maandalizi yakafanywa, na mafuriko yaliyoogopwa hayakuja kwa kiasi kile, kwa kuwa Bahari ya Hindi haikuelemea kama ilivyoelemea 1997. Wako waliowacheka wataalamu. Kisha ukaja mwaka 2019. Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, jina la El Niño halikuwa likitajwa sana, lakini Bahari ya Hindi ilielemea kupita miaka mingi iliyotangulia, na vuli ikatupiga. Mtu aliyekuwa akiiangalia Pasifiki peke yake alikuwa ameutazama mlango wa jirani huku mwizi akiingia kwake.

Somo tulipatalo hapa ni kwamba joto la bahari ni kama uzito uliowekwa kwenye mizani, si kama ahadi iliyotiwa sahihi. Tuseme kwa mfano kwamba mtaalamu ametuambia kuwa katika vuli 10 za namna hii, 6 huwa za mvua kubwa. Maana yake ni kwamba 4 hazitakuwa hivyo. Zikija hizo 4, mtaalamu hakusema uongo. Nahodha aonapo dalili ya tufani hurudi bandarini, na tufani isipokuja hajuti kwamba jahazi lake lingali zima.

VULI SI MASIKA

Yatubidi kusema wazi pia mipaka ya maarifa haya, maana mtu akiyategemea mahali pasipo pake atapata hasara. Mizani tuliyoieleza huitawala vuli, yaani mvua za Oktoba mpaka Desemba. Masika, yaani mvua za Machi mpaka Mei, ambazo Unguja na Pemba ndizo kubwa zaidi, haziisikii sana Dipoli, wala El Niño haizitawali kwa nguvu ile ile. Ifikapo Machi mizani ya Bahari ya Hindi huwa imekwisha kulegea.

Masika hutegemea zaidi mambo ya muda mfupi. Mojawapo ni wimbi kubwa la mawingu na pepo ambalo husafiri kutoka Bahari ya Hindi kwenda mashariki kuizunguka dunia katika Ikweta kwa siku 30 mpaka 60. Wamarekani wawili, Roland Madden na Paul Julian, waliligundua mwaka 1971. Linapokuwa juu ya upande wetu, mvua hukaza kwa juma moja au mawili, likipita, hulegea. Wimbi hili laweza kuonwa majuma mawili au matatu mbele, si miezi mitatu. Kwa hiyo onyo la vuli laweza kuja Agosti, lakini onyo la masika aghalabu huja kwa kuchelewa, na mtu lazima awe amejitayarisha kabla ya kuambiwa.

Tena viko vimbunga. Hivi hulishwa na maji ya joto, lakini karibu na Ikweta kuzunguka kwa dunia hakuna nguvu ya kuvipa mzunguko wake, ndiyo sababu kwetu ni nadra. Nadra si kusema havipo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuiangusha mikarafuu yake mingi, kikaiacha Pemba. Na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kubwa la karafuu. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipitia Ngazija kabla ya kuipiga Msumbiji, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Kusi lilikuwa limekwisha kuingia, na wengi walidhani hatari ya namna ile imepita.

KISIWA SI BARA

Yuko atakayeuliza: mvua ni mvua, kwa nini kutaja visiwa peke yake? Jibu ni kwamba maji ya mvua kisiwani hayana safari ndefu. Bara mvua ikinyesha juu ya mto, watu wa chini waweza kuwa na siku mbili au tatu kabla ya mafuriko kuwafikia. Kisiwani maji yaliyoanguka asubuhi yaweza kuwa ndani ya nyumba adhuhuri.

Visiwa vyenye milima mirefu hupata adhabu kubwa zaidi. Réunion, ambayo milima yake yapita mita 3,000, huizuia hewa ya bahari na kuilazimisha kupanda. Tarehe 7 na 8 Januari 1966, wakati wa kimbunga Denise, mahali paitwapo Foc-Foc palipata milimita 1,825 kwa saa 24, nayo imebaki kuwa mvua kubwa ya siku moja kuliko zote zilizopimwa duniani. Hiyo ni zaidi ya mvua ambayo mji wa Zanzibar huipata katika mwaka mzima wa kawaida. Vilima vya Unguja na Pemba havifikii hata mita 200, kwa hiyo mvua ya Foc-Foc haitatufikia. Lakini hatuna haja ya mvua ya Foc-Foc ili tuangamie. Kwa mji uliojengwa juu ya njia ya maji, milimita 150 kwa siku zatosha.

Na miji yetu imejengwa hivyo. Kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na hori la bahari, na watu walivuka kwa daraja. Hori hilo lilifukiwa katika karne ya 20, na leo limebaki jina la Darajani tu. Watu wamelisahau hori, lakini maji hayakulisahau. Maji hukumbuka njia yake, nayo huirudia hata kama juu yake pamewekwa soko, barabara au chumba cha kulala. Mabonde ambayo zamani yaliachwa wazi yawe madimbwi wakati wa masika, sasa yana nyumba, na wenye nyumba hizo mara nyingi si watu wasiojua. Ni watu ambao hawakupata kiwanja pengine kwa fedha waliyokuwa nayo.

Baada ya maji huja maradhi. Watu wengi Unguja na Pemba hunywa maji ya chini ya ardhi, na mawe ya matumbawe yana vitundu vingi ambavyo huyapitisha maji upesi, pamoja na uchafu wa vyoo. Uchunguzi mmoja juu ya kipindupindu Zanzibar, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mvua ikizidi kwa milimita 200 wagonjwa huongezeka mpaka kufikia mara 1.6 baada ya miezi miwili. Na joto likizidi kwa digrii 1 wagonjwa huwa mara mbili baada ya miezi minne. Tazama basi mfululizo huu: bahari hupata joto, mvua huja, visima huchafuka, mtoto huugua. Kati ya mwanzo na mwisho wa mfululizo huo ziko siku nyingi ambazo mtu angeweza kufanya kitu.

Mazao nayo hayasalimiki. Karafuu huanikwa juani juu ya majamvi, na mavuno yake huingia ndani ya miezi ya vuli. Vuli ikifurika, karafuu iliyokwisha kuchumwa kwa jasho huvunda ikiwa juu ya jamvi. Akina mama wa pwani ya mashariki wanaolima mwani huupata msiba huu pande mbili: maji ya joto huudhoofisha mwani baharini, na mvua huuzuia kukauka nchi kavu. Matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki, yaliungua kwa wingi mwaka 1998 kwa joto lile lile la bahari lililotuletea mafuriko ya 1997.

Tusisahau pia upande wa pili wa mizani. Kisiwa hakina mto mkubwa wa kukiletea maji kutoka nchi nyingine; kisima chake hujazwa na mvua yake mwenyewe. Vuli ikikosekana, maji matamu hupungua, na maji ya chumvi hunyemelea visima vya pwani. Kwa hiyo mtu wa kisiwani ana haja ya kujua habari za bahari katika mwaka wa ukame kama katika mwaka wa gharika.

WAKATI TULIOPEWA

Leo bahari hupimwa kuliko wakati wowote uliopita. Setilaiti huyapima maji ya juu kila siku, na maboya karibu 4,000 yaeleayo katika bahari za dunia huzama mpaka mita 2,000 na kurudi juu kila baada ya siku kumi yakileta habari za joto la vilindini. Baada ya maafa ya 1997, wataalamu wa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika walianza mwaka 1998 kukutana kabla ya kila msimu ili kupatana juu ya utabiri, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutangaza utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza. Na kazi hii itazidi kuwa muhimu, kwa maana Bahari ya Hindi imekuwa ikiongezeka joto tangu miaka ya 1950, na mizani ile ile ikielemea juu ya maji yenye joto zaidi itamwaga mvua kubwa zaidi.

Basi upungufu wetu mkubwa sasa si wa habari. Upungufu uko katika siku zile zilizo kati ya kutangazwa kwa habari na kunyesha kwa mvua. Tangazo husomwa, husikiwa, kisha huwekwa pembeni mpaka maji yaingie sebuleni.

Sisi twaona yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi wala kungoja msaada wa mtu. Kila mtaa wajua mtaro wake. Na uzibuliwe Agosti, na taka zisitupwe tena humo Septemba. Kila nyumba iliyo bondeni na ijue mapema ni nyumba ya ndugu gani iliyo juu ambako watoto na wazee watalala. Vyoo vilivyo karibu na visima vitazamwe kabla ya mvua, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa tangu siku ya kwanza ya mafuriko, isingojewe habari ya mgonjwa. Wenye karafuu na mwani waweke tayari maturubai na vichanja vya kuanikia. Na katika mwaka ambao mvua yatarajiwa kuwa nyingi, matangi na mabwawa yawe wazi na safi, maana maji yale yale yatakayotusumbua Novemba ndiyo tutakayoyatamani Februari.

Yako pia yaliyo juu ya wenye madaraka. Kugawa viwanja katika njia ya maji ni kuwauzia watu msiba, na anayefanya hivyo asijifiche nyuma ya neno la mapenzi ya Mungu mvua inyeshapo. Aliye maskini akiambiwa ahame bondeni na aonyeshwe mahali pa kuhamia. Na wanaoutangaza utabiri wautangaze kwa Kiswahili chepesi ambacho mvuvi wa Kizimkazi na mkulima wa Micheweni watakielewa, wakisema waziwazi jambo gani lina uwezekano mkubwa, jambo gani lina uwezekano mdogo, na kila mtu afanye nini.

Wako watakaosema kwamba hizi ni kazi nyingi kwa ajili ya mvua ambayo huenda isije. Sisi twawajibu kwamba mtaro uliozibuliwa haupotezi faida yake mvua ikiwa ndogo, wala kisima safi hakimdhuru mtu mwaka wa ukame. Hasara ya kujitayarisha bure ni siku mbili tatu za jembe na beleshi. Hasara ya kutojitayarisha tumekwisha kuiona 1997, tumeiona 2019, na tumeiona 2023.

Vuli huingia Oktoba. Mtu atakayefanya kazi hii vizuri ni yule atakayeianza wakati jua lingali likiwaka na mbingu ni nyeupe, kwa sababu amesikia kwamba huko mbali, karibu na Sumatra, maji yameanza kupoa.